Mama Tathmini na Ghala Lililotazama Barabara

Hapa kwetu Ruaha Mbuyuni hatukuwahi kumwita kwa jina lake. Jina alikuwa nalo, tena zuri, lakini mtu akifika mara ya kwanza akasema amekuja kufanya tathmini, basi kwisha, ameshajibatiza. Watoto ndio walioanza, sisi tukafuata, na siku mwenyekiti wa kijiji aliposema mbele ya mkutano, "Namkaribisha Mama Tathmini," alisimama akasalimia watu bila kununa.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sijui. Hakunieleza, nami sikumuuliza, ingawa alipotoa salamu ya Kihehe, "kamwene", ulijua kabisa huyu hakujifunzia ukubwani. Nitasema niliyoyaona mimi mwenyewe, mkulima wa vitunguu niliyekuwa katibu wa kikundi chetu miaka alipokuwa akija. Nitasema pia neno nililokaa nalo moyoni miaka mitano, maana mtu asiye na kasoro yuko kwenye picha za kalenda tu, na huyu mama hakuwa wa kalenda.

Kwanza nieleze ghala, la sivyo hamtanielewa.

Mradi fulani wa kilimo ulitujengea ghala la vitunguu. Matofali ya kuchoma, bati jipya, sakafu ya saruji, na mbele bango kubwa kama kitanda cha futi sita. Ili bango na mlango vionekane na wanaopita barabara kuu, ghala liligeuzwa likatazama barabara. Sasa bonde letu lina joto lake na lina upepo wake. Upepo unafuata mto, unakuja mchana, na ulipofika kwenye ghala ulikuta ukuta mrefu usio na hata tundu la panya. Ndani mlikuwa kama tanuri la mikate. Vitunguu vilitoa jasho, vikaota, vikaoza. Msimu wa kwanza tu tulikwishajua, kila mtu akabeba vyake kimyakimya akavirudisha nyumbani kwenye kichanja cha miti, kile cha paa la nyasi ambacho upepo unapita juu na chini.

Je, tulisema? Thubutu. Mtu amekuletea zawadi, tena amevaa shati jeupe kwa ajili yako, utamwambia zawadi yako inanuka? Wenzetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sisi tulitaka kupona. Wageni walipokuwa wanakuja kutoka Iringa, wakipita Ilula tu simu ilishatufikia, na mpaka wateremke mlima Kitonga tulikuwa tumeshahamisha vitunguu kutoka majumbani, tumevipanga ghalani, vile vyekundu vinavyong'aa mbele karibu na mlango. Aliyekuwa akipiga filimbi ya kazi hiyo ni mimi. Wageni walipiga picha wakaondoka wameridhika. Barua ya shukrani iliyosema "ghala limetukomboa" niliiandika kwa mkono wangu na kutia sahihi yangu.

Sifa zile zikarudi kutula. Mradi ukasema, kwa kuwa ghala limewasaidia hivi, tunawaongezea la pili la ramani ileile, na eneo limeshapatikana: uwanja wa kuanikia. Uwanja ule ulio kando ya mto ndio peke yake wenye upepo, na ndipo wanawake wote wa kikundi, hasa sisi wenye vijaruba vidogo, tunapoanikia vitunguu siku kadhaa kabla ya kuviweka. Kitunguu kisichoanikwa kikakauka shingo kitaoza popote utakapokiweka, hata ukikiweka mbinguni. Na uwanja ulipendwa na mradi kwa sababu moja: unaonekana vizuri ukiwa darajani.

Hapo ndipo alipotokea Mama Tathmini. Alitumwa aje aangalie ghala la kwanza kabla la pili halijaanza.

Hakuja na gari la mradi. Alishuka kwenye basi, ana chupa ya chai na mkoba wa ngozi uliochakaa pembe. Hakuna aliyetupigia simu, nani atapiga simu kwa ajili ya mwanamke mnene aliyesinzia kwenye basi? Alifika ghalani akakuta baiskeli mbili, viti vya harusi, na kuku ameatamia mayai juu ya gunia. Nilikimbia nikafika natweta, nikaanza kusema hivi na vile, kwamba vitunguu vimeuzwa jana. Akasema, "Kuku msimsumbue," akatoka, akaomba maji ya kunywa. Hakuandika kitu. Nilishukuru Mungu nikidhani tumemponyoka.

Nilimuuliza baadaye sana kwa nini hakuandika siku ile akaondoka zake, kwani ushahidi ulikuwa umelala mbele ya macho yake. Akasema angeandika, yangekuwa maneno yake, na sisi tungekana, na Meneja wa mradi angetuamini sisi kwa sababu alitaka kutuamini. Ripoti za namna hiyo alishaandika nyingi ujanani, alisema, na anajua zilipo: kabati la chini, upande wa kushoto, funguo zimepotea.

Ulimi wake ulikuwa mkali. Neno alilolichukia kuliko yote ni "wadau". Meneja, kijana mpole wa Iringa mjini, alifungua kikao cha kwanza kwa kusema tathmini hii itashirikisha wadau wote. Mama Tathmini akamkatiza pale pale, akamwambia wadau hawana meno wala hawalali njaa, amtajie watu. Kijana akababaika. Ikabidi ahesabu kwa vidole: yule fundi aliyejenga, mwenyekiti wa kijiji, bwana shamba wa kata, dalali mmoja anayenunua vitunguu vyetu, sisi wanakikundi. Mama akaongeza, "Na wewe." Meneja akasema yeye si mdau, yeye ni mwenye mradi. "Basi wewe ndiye wa kwanza," akamwambia.

Kisha akamuuliza swali ambalo mpaka leo tunaulizana hapa kijijini kwa utani. Nikikuta ghala linafaa, Jumatatu asubuhi utafanya nini? Meneja akasema atajenga la pili. Na nikikuta halifai, Jumatatu hiyohiyo utafanya nini? Meneja akafikiri, na kwa kuwa ni mkweli akasema fedha imeshapangwa na ramani imeshapitishwa, kwa hiyo atajenga la pili.

Mama Tathmini akafunga mkoba wake. Akaomba konda apigiwe simu, aulizwe kama basi la kurudi limeshapita. Hakupandisha sauti, wala hakuwa anatishia, alikuwa anaondoka kweli. Alisema hana kazi ya kufanya hapa, maana jibu lolote atakaloleta litakuta mlango umefungwa, na yeye ni mzee, magoti yanamuuma, hawezi kupanda na kushuka Kitonga kwa ajili ya karatasi. Meneja alitoka nje na simu yake, akakaa huko muda mrefu juani. Aliporudi shati limelowa, akasema wamekubaliana na wakubwa wake: ikionekana vitunguu vinaharibika zaidi ghalani kuliko kwenye vichanja vyetu, ramani itabadilishwa na eneo pia litaangaliwa upya. Mama akafungua mkoba. Mimi nilimtazama yule mama nikasema moyoni, hapa tumepata mtu, ila na mimi nimepatikana.

Alipenda kusimulia mambo ya Mbeya, alikofanya kazi miaka mingi, hasa Usangu kwenye wafugaji waliohamia kutoka kaskazini. Kuna kijiji kilijengewa mabirika ya kunyweshea ng'ombe ili mifugo isiingie kwenye mifereji ya mpunga. Mabirika mazima, maji yanatoka, na bado ng'ombe mferejini kila siku, wakulima na wafugaji wameshikana mashati. Waliotangulia kutathmini walihesabu mabirika wakaandika safi. Yeye alikaa kwa mama mmoja wa Kisukuma, akaamkiana naye "mwangaluka" kila asubuhi mpaka akazoeleka. Akaona mtu wa funguo za maji anafungua asubuhi na kufunga kabla ya saa sita, kama ofisi, na ng'ombe wanarudi kutoka malishoni saa tisa. Hakuandika barua wilayani. Alimwalika mtu wa funguo aje kuhesabu ng'ombe pamoja naye saa tisa, siku tatu. Siku ya nne yule bwana alifungua maji saa tisa bila kuambiwa na mtu. Mama alipofika hapo kwenye simulizi alikuwa anapiga paja lake na kucheka mpaka anakohoa. Alisema ripoti ya Usangu ilikuwa na kurasa themanini, na kilichotumika ni mtu mmoja mwenye funguo.

Msinielewe vibaya, hakuwa malaika. Huyu aliyetaka kila mtu asikilizwe, alikuwa anakatiza watu kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alikataa kushauriwa. Ukimwambia mama usikae pale jua litakufuata, atakaa palepale, jua limfuate, na hatahama. Alipokaa kwangu hakumruhusu mtu mwingine asonge ugali. Alisema ninausonga kama mtu anayeomba radhi. Aliwahimiza wanawake wasione haya kusema mbele ya wakubwa, lakini mkuu wake kutoka Dar es Salaam alipopiga simu nilimwona mwenyewe akisimama wima jikoni, "ndiyo bosi, ndiyo bosi," mwiko mkononi.

Na macho. Alikuwa na desturi moja ambayo ilisifiwa mpaka wilayani: hakusoma ripoti yake mwenyewe. Alimpa mtu wa kijijini aisome kwa sauti, wengine wasikilize na wapinge. Watu walisema ni mbinu kubwa ya kuwafanya wananchi wamiliki matokeo. Mimi niliyelala naye chumba kimoja nilijua kwamba nusu ya mbinu ile ilikuwa haoni herufi ndogo na hataki kuvaa miwani. Nilimtania siku moja. Akaninunia mpaka chai ikapoa, kisha akasema, "Sasa mbinu ikifaa, wewe inakuuma nini ilianzia wapi?"

Tathmini yenyewe aliifanya hivi. Hakutuuliza kama ghala ni zuri. Alituomba sote, pamoja na Meneja na fundi, tuchague vitunguu vya shamba moja vilivyovunwa siku moja, tupime, nusu tuweke ghalani na nusu kwenye kichanja cha mwanakikundi mmoja. Ghalani kufuli mbili, ufunguo mmoja wa Meneja na mmoja wetu. Kichanjani vilevile, kilizungushiwa wavu. Mtu asifungue bila mwenzake. Wiki zikapita. Kwa mara ya kwanza tangu ghala lijengwe sikuweza kulijaza wala kulipunguza, na niliona nafuu fulani ambayo sikujua niiite nini.

Siku ya kufungua, harufu ilitangulia kutoka. Fundi akarudi nyuma hatua mbili. Mama Tathmini hakuingia. Alikaa nje kwenye kiti cha harusi, akamwambia Meneja ndiye achambue. Kijana akakunja mikono ya shati lake jeupe, akachambua kitunguu kimoja kimoja, kizima huku, kibovu huku, maji ya uozo yakimtiririka mpaka kwenye saa. Kisha tukaenda kichanjani akafanya vilevile. Mizani ikapita mikononi mwa watu wote, hata dalali alipima. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Meneja mwenyewe ndiye aliyesema, "Jamani, hili ghala linapika."

Nilidhani yamekwisha. Uwanja wetu umepona, tukapike sasa. Lakini Meneja alikuwa na karatasi za nyuma mkononi, zile ripoti za wageni waliotangulia na barua yangu juu yake, akauliza kwa upole tu, imekuwaje miaka yote hii kila aliyekuja aliandika kwamba ghala ni zuri? Watu wakaangalia chini. Mwenyekiti wa kijiji akaanza kukagua kucha zake. Mama Tathmini aliyekatiza watu wote siku zote, siku hiyo alinyamaza kimya kabisa. Na mimi nilijua kwamba swali lile lisipojibiwa, Meneja atakwenda kwa wakubwa wake na mizani ya siku moja dhidi ya sifa za miaka, na wakubwa wataamini sifa. Uwanja utakwenda.

Nikasimama. Nikasema, "Kaka, tulikuwa tunalijaza mkija. Tukipigiwa simu kutoka Ilula tunavibeba kutoka nyumbani. Na barua hiyo ni mwandiko wangu."

Akanigeukia. "Kwa nini hamkuniambia, dada?"

"Ulikuwa unakuja na furaha. Tuliona haya kukuvunja moyo."

Hakukasirika. Alikaa chini kwenye gunia, akasema hata yeye akienda kwa wakubwa wake huwa anafanya hivyohivyo. Watu wakacheka, hofu ikapungua. Fundi naye akapata ulimi, akasema alijua tangu msingi kwamba upepo unatoka kule, lakini aliambiwa bango lionekane, na yeye ni mtu wa kuambiwa. Pale pale, bila ya mtaalamu kutoka popote, fundi, Meneja na wanawake wakakubaliana: ghala la pili lijengwe kwenye mwinuko wa mawe nyuma ya lile la kwanza, refu, jembamba, kuta za mbao zenye nafasi, ubavu wake uutazame mto. La kwanza litobolewe madirisha liwe la kuwekea mbolea na kufanyia mikutano. Uwanja wa kuanikia usiguswe.

Na ndivyo ilivyokuwa. Siku hizi ukipita barabara kuu hulioni ghala la pili, limejificha nyuma, halina hata bango. Lakini vitunguu vinakaa humo mpaka bei ikae vizuri, na dalali anayekuja na maneno mengi tunamwambia arudi wiki ijayo.

Kabla ripoti haijaenda popote aliileta isomwe, alasiri tatu mfululizo, pale uwanjani. Binti yangu ndiye aliyesoma. Palikuwa na mahali pameandikwa kwamba wakulima hawana elimu ya kuhifadhi mazao. Bibi mmoja wa kikundi, asiyesema mara nyingi, akasema elimu tunayo, ni ghala ndilo halina. Mama Tathmini akabisha kidogo, ndiyo kawaida yake, kisha akasema, "Futa." Ikafutwa. Wakati tunamaliza ukurasa wa mwisho nilijisikia mwepesi. Niliona ripoti ile ni yetu, na mwenye nayo ni mimi kama alivyo yeye.

Sasa lile neno.

Miezi mingi baadaye nilikwenda wilayani kufuatilia mbegu. Afisa mmoja akaniuliza, kumbe wewe ndiye yule katibu? Akanionyesha ripoti. Humo mlikuwa na ukurasa ambao binti yangu hakuusoma. Uliongezwa nyuma, kueleza kwa nini ripoti za zamani zilikosea, na ulisema hivi: katibu wa kikundi alikuwa akiandaa maonyesho ya uongo kwa wageni. Haukusema kikundi. Ulisema katibu. Nilisimama pale na karatasi mkononi, nikausoma mara tatu nikitumaini macho yangu ndiyo mabovu.

Nakala ilikuwa imefika kata. Mwenyekiti wa kijiji alikemewa kikaoni kwamba watu wake wanadanganya wafadhili, na yeye akalishusha kemeo hilo kwenye kikundi, akinitazama mimi. Uchaguzi ulipofika hakuna aliyenitukana. Walisema tu kwamba ni vizuri kubadilisha damu. Wanawake tuliobeba magunia pamoja kichwani, tukipitana njiani kwa vicheko, waliinua mikono kwa mwingine. Mwenyekiti naye aliinua, yeye aliyeleta magunia manne siku moja ya wageni. Niliumia, sitaficha. Nilikuwa katibu kwa miaka sita, na kazi ile niliipenda kuliko shamba.

Sikumpigia simu. Nilijiambia, alitusaidia, uwanja upo, basi nitamezea. Ona jinsi tulivyo: tulinyamaza kwa sababu ya ghala, na mimi nikanyamaza tena kwa sababu ya yule aliyetufundisha kutonyamaza.

Mwaka huu baada ya mavuno nilimpeleka mjukuu shule Tosamaganga. Nikasikia kwamba Mama Tathmini ameacha kazi, yuko Kalenga, analima bustani. Nikapitia na kifungu cha vitunguu. Nilimkuta anapalilia mboga za mnafu, amekonda, na miwani amevaa, tena mikubwa. Akaachia jembe.

"Katibu wangu!"

Tuliingia ndani. Akausonga ugali mwenyewe, bila shaka. Akauliza kuhusu ghala, nikamweleza yote, akafurahi mpaka akapiga paja. Akauliza mwenyekiti, fundi, bibi yule wa elimu. Kila aliponiita katibu kitu kilinichoma hapa. Ningeweza kuitikia tu. Chakula kitamu, mzee amefurahi, nani anataka kuharibu? Nikakumbuka vitunguu vilivyong'aa karibu na mlango.

"Mimi si katibu, mama. Miaka mitano sasa."

"Ulichoka?"

"Nilitolewa. Kwa ule ukurasa wako wa nyuma."

Hakuelewa. Nikamsomea kwa kichwa, maana nilikuwa nimeukariri. Akainuka, akaenda chumbani, akakaa huko kitambo, akarudi na nakala imeshika vumbi. Akasoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye neno katibu kidole kikasimama.

Akasema Meneja alitaka maelezo haraka kwa wakubwa wake, naye aliandika Jumapili moja mezani kwake, akatuma. Nikangoja aendelee kujitetea, hakuendelea.

"Huu hatukuusoma pamoja," alisema.

"Hatukuusoma."

"Mlijaza wote?"

"Wote, mama."

Akavua miwani akafuta macho, na sijui kama yalikuwa machozi au ni moshi. Akaniomba radhi kwa Kihehe, maneno machache, kama anavyoombwa mtu mkubwa. Kisha akauliza ninataka afanyeje. Kusema kweli sikuwa nimelifikiria hilo. Miaka yote nilikuwa nimejiandaa kununa, sikujiandaa kujibiwa. Nikamwambia Jumamosi tutakuwa uwanjani tunachambua vitunguu, kikundi chote.

Jumamosi akaja, kwa basi, na fimbo. Hakusubiri kukaribishwa. Alisimama katikati ya vitunguu vilivyoanikwa akausoma ukurasa ule kwa sauti, kwa macho yake mwenyewe, kisha akasema ulikosewa na aliyekosea ni yeye: aliandika mmoja mahali pa wote, na hakuuleta usikilizwe. Akauliza kama anayesikia ana la kupinga.

Watu wakachambua vitunguu kwa bidii ya ghafla. Kisha mwenyekiti, ambaye amezeeka naye, akakohoa akasema magunia manne yalikuwa yake. Bibi yule asiyesema mara nyingi akasema mawili yalikuwa yake, na mengine ya shemeji yake. Wakaanza kujitaja mmoja mmoja, wengine wanacheka, mmoja analia, mpaka ikawa kama mnada.

Katibu mpya ni binti mzuri, ana mwandiko safi kuliko wangu, na sitaki kumtoa. Mama Tathmini alimpa ile nakala na kalamu. Binti akaandika pembeni ya ukurasa: Tulijaza wote. Wakatia sahihi, mwenyekiti wa kwanza, na wasiojua kuandika wakaweka dole gumba, mpaka pembeni pakajaa ikabidi wageuze karatasi nyuma. Mimi walinipa mwisho. Nilifuta mikono kwenye kanga, nikaangalia majina yale yote, nikaandika langu chini yake.